Mafunzo ya Wazazi na Bibi Zetu Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya mafunzo ya wazazi yanayofanywa vijijini. Msiseme hayo ni mambo ya wanawake, si ya chama. Wengi wetu tuko hapa relini, na bibi zetu wako nyumbani na watoto.

Mafunzo hayo si jambo geni. Maendeleo ya Wanawake ilianza mwaka 1952, ikifundisha usafi na kutunza nyumba na watoto. Siku hizi watu wa afya wa kijiji wanafundisha zaidi ya hayo: kusema na mtoto mchanga, kucheza naye, kumwonyesha vitabu vya picha. Kutoka mwaka 2018 hadi 2019 wataalamu walijaribu jambo hili katika vijiji vya magharibi ya Kenya. Kina mama walikutana kwa makundi kila majuma mawili, mara 16. Watoto wao wakawazidi wale wa vijiji visivyofundishwa, katika kufikiri na kufahamu maneno.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Katika baadhi ya vijiji hivyo kina baba nao walialikwa, na mwaliko huo haukuongeza kitu. Mimi sishangai. Mwaliko utamfaa nini mtu aliye kilometa 400 mbali, akikagua mabehewa? Basi mzigo wote unamwangukia mama. Asubuhi hiyo maji hayajatekwa, ng'ombe hajakamuliwa, na mama mkwe anauliza anakwenda kupiga soga wapi. Huko anafundishwa kwamba mtoto apewe yai. Pesa za yai ziko mfukoni mwa nani? Ziko hapa, ndugu zangu (na nyingine zimekwisha fika kwa muuza bia).

Tena, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa baba majuma mawili ya likizo kwa mshahara kamili mtoto azaliwapo. Wengine hawaiombi, na wengine huambiwa wangoje zamu zipungue. Aliyenyimwa alete kwa katibu nakala ya barua yake ya kuomba.

Naleta na shauri: tudai tarehe za likizo ya mwaka zitangazwe mapema, ili mtu aweze kuwa nyumbani siku ya mafunzo, amshike mtoto yeye mwenyewe. Anayekubali ainue mkono, katibu ahesabu.