Hotuba Juu ya Hamu ya Siku za Kale



Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache baada ya hesabu za mwaka kusomwa, nasi tumechagua jambo lisilomo katika hesabu hizo, ijapokuwa husikika katika kila mkutano wetu. Ni neno lile "zamani". Zamani watoto walikuwa na adabu. Zamani maiti alizikwa na jirani bila ya michango kuandikwa daftarini. Zamani hata samaki alikuwa na ladha nyingine. Hatusemi kwamba maneno hayo ni ya uongo. Twataka kuyatazama tu, kama mtu aitazamavyo sarafu kabla ya kuitia mfukoni.

Waswahili wana mithali mbili juu ya jambo hili, nazo hazipatani. Moja yasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya pili yasema mwacha mila ni mtumwa. Tumeona kwamba mwenye deni huipenda ile ya kwanza, na mwenye mtoto mkaidi huipenda ya pili.

Katika pwani yetu yuko mtu aliyeitazama hamu hii kwa macho makavu kuliko sisi sote. Naye ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyetunga shairi liitwalo Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19. Pate ulikuwa mji wa mali nyingi na wa wanavyuoni. Husimuliwa hata leo kwamba mabwana wa Pate walipanda vitandani mwao kwa ngazi za fedha. Kisha yakaja magomvi ya kugombea utawala, na biashara ikahamia kwingine, na mnamo mwaka 1812 majeshi ya Pate na wenzao wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu katika ufuo wa Shela. Haukupata kuinuka tena kama ulivyokuwa.

Mshairi huyu atuingiza katika majumba yale. Atuonyesha taa zilizowaka, sahani za kigeni zilizopangwa katika vidaka vya ukutani, na waungwana waliotembea kwa maringo huku shingo zimenyooka. Halafu atuingiza mara ya pili katika vyumba vile vile, nasi twakuta popo, na buibui, na ndege waliofanya makao pale palipokuwa na sahani. Msomaji hutazamia kwamba sasa atalia na kuomba majumba yarudi. Haombi. Augeukia moyo wake mwenyewe na kuuuliza unangoja nini, ikiwa wenye vyote vile wamekwisha kwenda kaburini. Jina la shairi lenyewe maana yake ni kufunuka, na kinachofunuka si uzuri wa zamani bali hali ya yule anayeutamani. Yeye alisema kama Mwislamu akiikumbuka Akhera. Lakini hata asiye wa dini yake, akilisoma, hujikuta amekaa kimya kitambo.

Liko neno moja ambalo yatupasa kuliongeza hapa, nalo huenda likawachoma baadhi yetu. Majumba yale hayakujifagia yenyewe. Walikuwako waliochota maji, waliotwanga nafaka na waliolima mashamba bara kwa ajili ya mabwana wa visiwani, na wengi wao hawakuwa watu huru. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo babu wa mmoja wetu aliweza kuukumbuka ukumbi kwa fahari, na babu wa mwingine akaukumbuka ukumbi ule ule kwa mzigo aliouchukua kichwani kuuingiza. Wajukuu wa wote wawili wanaketi leo katika mikutano kama huu wetu, wakisema "zamani" kana kwamba ilikuwa moja.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Wako wanaousifu wakati wa ukoloni kwa sababu barabara zilifagiliwa na karani alifika kazini mapema. Huenda alifika. Lakini kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, mwanamume wa Kiafrika alitakiwa kuchukua kipande popote alipokwenda, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Hamu huikumbuka barabara, na kamba ya shingoni huisahau.

Tutazame na nyimbo. Sisi hapa Kenya tuna jina zuri la nyimbo za dansi za miaka ya 1950 na 1960: twaziita zilizopendwa. Mwenye kuijua sarufi ataona kwamba hatukusema zinazopendwa, ijapokuwa ukipigwa mmoja wao wazee huacha viti vyao. Ni kama kwamba kupenda kwenyewe kumewekwa katika wakati uliopita, pasipoweza kufikiwa na mtu. Uchukueni wimbo wa Malaika, uliovumishwa na Fadhili William. Siku hizi hupigwa arusini, na bibi arusi hutabasamu. Lakini huo ni wimbo wa kijana ambaye hawezi kuoa kwa kuwa hana mali. Basi twawasikia wazee wakisema kwamba zamani kuoa kulikuwa kwepesi, na ushahidi wa zamani hiyo hiyo unaimbwa masikioni mwao, nao wanacheza.

Hatutaki kufahamika kwamba hamu ni ujinga. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda aliyefundisha pia hapa Kenya, alitoa mwaka 1966 kitabu ambacho Lawino, mke asiyesoma, ayatetea mambo ya kwao mbele ya mume aliyesoma hata akaona haya kwa kila kitu cha mama yake. Kilifasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1975 kwa jina la Wimbo wa Lawino. Mume naye alipewa kitabu chake cha kujibu mwaka 1970. Sisi twaona, na kila mtu ana haki ya kukataa, kwamba Lawino alimshinda. Alimshinda kwa sababu hakusema "zamani" kwa jumla. Alitaja chakula na jinsi kinavyohifadhiwa, ngoma na jinsi inavyochezwa, nywele na mafuta yake. Mume akajibu kwa hasira tu.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la chama. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, na vinywa hufungwa kimoja kimoja. Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, ndiye aliyeyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Hati hizo zilikwenda Uingereza, na kitabu kikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kufa kwake. Katika miaka hiyo mia bila shaka walikuwako maelfu waliosikitika kwamba mashairi ya kale yanapotea. Aliyeshika kalamu ndiye tunayemshukuru.

Kwa hiyo twaleta ombi. Kamati itoe daftari moja, na vijana wawili wanaoandika vizuri wapewe kazi ya kuwatembelea wazee wa chama majumbani mwao. Waulize bei ya vitu na mishahara, jinsi ya kuzika na kuoza, nyimbo za kutwanga, majina ya mitaa kabla hayajabadilishwa. Wawaulize akina mama kwanza, kwa maana mikutanini hawapati zamu ya kusema zamani yao. Na mzee ambaye wazazi wake walitumikia katika majumba ya watu aandikwe sawasawa na yule ambaye wazazi wake walitumikiwa. Mwenye kuona uchungu kulitaja jambo asilazimishwe. Iandikwe tu kwamba alinyamaza.

Bei ya daftari na nauli ya vijana tumekwisha kumpa Bwana Mweka Hazina, naye asema zaweza kutoka katika fungu la elimu. Twangoja kauli ya mkutano.