Siku ya Kliniki Isikatwe Mshahara

(Maneno ya Kamati ya Akina Mama mbele ya mkutano wa tawi)



Tumepewa dakika chache kabla ya hesabu ya ada, nasi hatutazimaliza kwa salamu. Tumeona wanaume kadha wakiinuka kwenda kuvuta sigara waliposikia kwamba habari ni za uzazi. Tafadhali kaeni, mabwana. Mshahara unaokatwa ni wa nyumba zenu pia.

Wengi wenu mnamjua mwenzetu wa laini za chini, mchuma chai, ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa kibarua. Alificha mimba yake, akajifunga leso kwa nguvu, akiogopa nyapara asije akakataa kumwandika tena. Kliniki alikwenda mara moja tu, maana mchuma chai hulipwa kwa kilo, na siku ya kliniki ni siku isiyo na kilo. Mimba ilipofika mwezi wa nane kichwa kilimwuma siku tatu, macho yakaona ukungu, uso ukavimba. Akasema ni jua. Sisi tuliochuma naye tukasema ni jua. Usiku wa siku ya tatu akaanguka, akatetemeka mwili mzima. Alifika hospitali, akapona; mtoto hakupona.

Ugonjwa ule ni kifafa cha mimba. Hauletwi na jini wala jicho la jirani. Huja presha inapopanda katika mimba, na mkunga huijua kwa kupima presha mkononi na kupima mkojo, kazi ya dakika chache. Mama aweza kuwa na presha asisikie lolote, ndiyo sababu mara moja haitoshi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe mara 8, na ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kupita. Mkunga huangalia pia upungufu wa damu, na hutoa sindano ya kukinga pepopunda. Kichwa kikiuma sana, damu ikitoka, maji yakivunjika kabla ya uchungu, au mtoto akiacha kucheza tumboni, msingoje kengele ya kufunga kazi.

Hatusemi kwamba nchi imelala. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya kila uzazi 100, 62 ulisimamiwa na wahudumu wenye ujuzi. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 89. Lakini anayefikishwa kwa mkunga akiwa tayari ametetemeka amechelewa.

Sasa sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 1976 ilimpa mama miezi 2, na likizo yake ya mwaka ikapotea. Ile ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka inabaki yake. Baba anapewa majuma 2. Kifungu cha 46 kinakataza mtu kufukuzwa kwa sababu ya mimba. Na kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimetimia mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinamtoa katika ukibarua. Nyapara hakumwambia mwenzetu hayo. Wala sisi hatukumwambia, na kosa hilo ni letu.

Lakini kifungu cha 29 hakitaji siku za kliniki. Kwa hiyo tunataka mapatano mapya na tajiri yaandikwe hivi: siku ya kliniki ilipwe, mama akionyesha kadi yenye muhuri, mchuma chai alipwe kwa kadiri ya kilo zake za kila siku mwezi uliopita, na gari moja pamoja na dereva wake likae tayari usiku. Ndugu Katibu ametuonya kwamba tajiri atakataa gari kwanza. Tunajua. Lakini magari ya majani hulala karibu na ofisi kila usiku, tumeyahesabu.

Karatasi ya sahihi iko mezani. Asiyejua kuandika atatia kidole. Wale waliotaka kwenda kuvuta sigara wapitie mezani kwanza.