Mama Anayesema "Sina Kitu"

Mafundisho kwa wamama wa kliniki juu ya mlango mwembamba wa moyo

Leo hatutasema juu ya malaria wala juu ya uji wa mtoto, hayo tutayarudilia siku nyingine. Leo ninataka kusema na ninyi juu ya ugonjwa mmoja wa moyo ambao mama anaweza kuwa nao miaka kumi na zaidi, asijue. Anapika, anacheka, anaenda sokoni. Kiisha anapata mimba, na ndipo ugonjwa unajionyesha.

Wengi wenu mmekwisha kuona moyo wa mbuzi. Ukiupasua unakuta vyumba, na katikati ya vyumba kuna ngozi nyembamba zilizofungwa kwa kamba ndogo ndogo. Zile ngozi ni milango, waganga wanaziita vali. Damu ikija, mlango unafunguka. Damu ikiisha kupita, mlango unafungwa ili isirudi nyuma. Moyo wa mtu ni vile vile, vyumba vinne na milango minne. Mlango wa leo uko upande wa kushoto. Unapitisha damu inayotoka katika mapafu, iingie katika chumba kile chenye nguvu kinachoituma mwilini pote. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, mlango huu ukifunguka nafasi yake ni sentimeta 4 mpaka 6 za mraba. Vidole viwili vinaweza kupita.

Namna gani mlango unakuwa mwembamba? Inaanza utotoni. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 anaumwa koo. Juma mbili tatu zinapita, homa inarudi, goti linavimba, kesho maumivu yanahamia kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Watu wanasema amelogwa, ao anakomaa. Kiisha maumivu yanakwisha yenyewe na wote wanasahau. Lakini askari wa mwili, waliotoka kupigana na vijidudu vya koo, wamekosea na kupiga mlango wa moyo pia. Panabaki kovu. Koo likiumwa tena, kovu linaongezeka, na kingo za mlango zinashikamana pole pole. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, na haina kelele.

Sasa mama ananiuliza: kama mlango unafungana, kwa nini mimi sisikii kitu? Sababu moja ni kwamba moyo ni mvumilivu. Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Mwanamke anapunguza kazi kidogo kidogo pasipo kujua kwamba anapunguza.

Nitawaambia habari ya mama mmoja, jina lake silitaji. Alikuja kliniki na mimba ya miezi mine, mimba yake ya pili. Mwanafunzi wangu akamwuliza: "Mama, unasikia kuchoka? Pumzi inakatika?" Akajibu: "Hapana, sina kitu." Mwanafunzi akaandika kwenye fishi: hana kitu. Mimi nikakaa karibu naye.

"Maji mnachota wapi?"

"Kwa chemchemi, kule chini."

"Nani anachota?"

"Mdogo wangu."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu mwaka jana."

"Na mbele ya hapo?"

"Mimi mwenyewe, na bidoni ya litre makumi mbili."

Nikamwomba tupande pamoja njia inayokwenda barabarani. Katikati ya kilima akasimama, akafunga kitenge chake vizuri. Mbele kidogo akasimama tena, akafunga kitenge. Wamama, kitenge kile hakikulegea hata kidogo! Alikuwa anatafuta pumzi, na yeye mwenyewe hakujua.

Tukarudi, nikamlaza kwa ubavu wa kushoto, nikasikiliza roho yake. Sauti ya ugonjwa huu ni ya chini, inanguruma kama kamyo inayopita mbali. Mtu akisikiliza upesi upesi, haisikii. (Chombo hiki cha kusikiliza kilianzia Paris mwaka 1816. Munganga Laennec aliona haya kuweka sikio kifuani pa mwanamke kijana, akakunja karatasi kama bomba.) Tukamtuma kwenye ekografi ya moyo, ile mashini inayoonyesha picha ya moyo ukifanya kazi. Mlango wake ulipita kidogo sentimeta 1 ya mraba.

Kwa nini ninauliza juu ya maji? Kwa sababu nilipokuwa kijana katika kazi, mimi pia niliandika "hana kitu" kwenye fishi ya mama mwingine. Alirudi usiku, mimba ya miezi saba. Alikuwa ameketi kitandani, hawezi kulala chini, anakohoa povu lenye damu. Hakupona. Tangu siku ile siulizi tena "unachoka?" peke yake. Kila mama anasema hapana.

Sikilizeni vizuri sasa. Katika mimba damu ya mama inaongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Tena roho inapiga mbio zaidi. Lakini kovu halipanuki. Na moyo ukipiga mbio, mlango unakaa wazi muda mfupi tu kila pigo. Basi damu inapanga mstari nyuma ya mlango, inarudi kujaa katika mapafu, na maji yanavuja mule. Kazi ya moyo inazidi sana kuelekea mwezi wa saba. Kiisha inakuja saa ya kuzaa. Na mtoto akiisha kutoka, tumbo la uzazi linajikaza na kurudisha damu nyingi kwa moyo mara moja. Kwa hiyo mama wa moyo wa namna hii, siku zile za kwanza nyuma ya kuzaa ni za hatari, hata kama wote wanaimba na kupokea mtoto.

Namna gani tunapima hatari ya mama asiyesikia kitu? Hatutazami jambo moja. Tunataka kujua upana wa mlango. Ukipita sentimeta 1.5 za mraba, wamama wengi wanavuka mimba vizuri wakifuatwa karibu. Ukiwa 1.5 ao chini, sisi tunahesabu kwamba ugonjwa ni mkubwa, hata kama mama anacheza. Tunatazama kama roho inapiga sawasawa ao inaruka-ruka, maana ikiruka-ruka damu inaweza kuganda ndani na kwenda kupooza upande mmoja wa mwili. Munganga anapima pia kama damu inasukuma kwa nguvu katika mapafu. Na kilima, wamama! Kilima kinasema kweli kuliko mdomo.

Mwenye mlango mwembamba sana, shauri letu ni asipate mimba mbele ya kupanuliwa mlango. Tangu mwaka 1984, Munganga Inoue wa Japani alipotangaza kazi yake, mlango unaweza kupanuliwa pasipo kupasua kifua. Wanapitisha bomba nyembamba katika mshipa wa paja mpaka moyoni, na kule wanajaza kibaloni kidogo kinachoachanisha kingo. Si kila hospitali inafanya hivi. Safari ni ya mbali, na feza inatafutwa. Ndiyo maana ni heri kujua mbele ya mimba, bwana na bibi wakae pamoja wapange. Vidonge vya kuzuia mimba msinunue sokoni, vingine vinasaidia damu kuganda. Njooni tuchague pamoja, kuna kijiti cha mkono na kuna kitanzi.

Na sindano ya penisilini ile inayokaa mwilini? Kila juma tatu ao ine, miaka mingi. Inauma, ninajua. Haifungui mlango uliokwisha kushikana, inazuia koo lisilete kovu jipya. Mimba si sababu ya kuiacha. Kwa watoto faida yake imeonekana kwa hesabu kule kaskazini ya Uganda. Watoto karibu 800 walionekana kwa ekografi kuwa na ugonjwa uliojificha, wenyewe hawasikii kitu. Nusu walipewa sindano miaka miwili, nusu hapana. Waliopigwa sindano, 3 tu ugonjwa wao uliendelea. Wale wengine, 33. Habari hiyo ilitoka mwaka 2021. Basi mtoto wako akiumwa koo pamoja na homa, umlete. Na yule ambaye viungo vyake vilivimba zamani, umlete pia, hata akiwa mzima leo.

Yule mama wa kitenge alipewa dawa ya kutuliza mbio za roho. Mdogo wake aliendelea kuchota maji. Alizaa hapa hospitali, akakaa juma moja nasi huku mama mkwe akinung'unika kwamba wengine wanarudi nyumbani siku ya pili. Mtoto anatembea sasa. Mama bado anangoja safari ya kibaloni, na kila mwezi anakuja kwa sindano.

Kama uliambiwa siku moja kwamba roho yako ina sauti, ao utotoni magoti yalivimba na homa, usingoje tukuulize. Sema, iandikwe juu ya fishi kwa wino mwekundu. Ukija kuzaa umwambie mzalishaji mara moja, hata akiwa na kazi nyingi, asikupe serumu nyingi kwa upesi, akuwekee mito nyuma ya mgongo, amwite munganga. Na usiku ukishindwa kulala chini kwa ajili ya pumzi, usingoje asubuhi.

Siku ya kupimwa, msishangae tukiwauliza nani anachota maji nyumbani.