GIABOKSI ISIHUKUMIWE KABLA YA KUPIMWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Sisi ni watu wa reli, lakini shauri letu leo ni la motokaa. Ndugu yetu mmoja ni dereva wa Toyota ya otomatiki, mali ya mtu binafsi. Gari lilianza kuondoka kwa uzito, kana kwamba limefungwa katika gia ya juu, na taa ya O/D OFF ikawa inawaka na kuzima. Mwenye gari akasema, "Umeharibu giaboksi, bei yake itakatwa katika mshahara wako." Tukaenda kumwomba jambo moja tu: gari lipimwe kwanza. Akakubali.

Ndugu, katika gari kama hilo gia hubadilishwa na mafuta yanayosukumwa na pampu. Mwenye kuyafungulia njia ni solenoidi, yaani koili ya waya yenye chuma kidogo ndani. Kompyuta ikipeleka umeme, chuma huvutwa, na njia ya mafuta hufunguka au hufungwa. Sisi wa reli twamjua mtu huyu. Ni kama yule ageuzaye pointi stesheni. Asipopata amri, treni hupita njia isiyo yake, wala injini haina kosa.

Basi tulifanya hivi.

Kwanza, mafuta. Gari likiwa mahali tambarare, injini ina moto na inanguruma, breki imekanyagwa, tulipitisha mkono wa gia kila mahali, tukarudi P, tukachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi za ndani zimeungua, na solenoidi mpya haitaziponya. Yetu yalikuwa mekundu na ya kutosha.

Pili, namba ya kosa. Kifaa cha kusomea kilionyesha P0753, maana yake kosa katika njia ya umeme ya solenoidi A. Angalieni sana! Namba hiyo haisemi kwamba solenoidi imekufa. Waya na plagi nazo ni sehemu ya njia hiyo.

Tatu, mita. Tulizima injini, tukachomoa plagi ya giaboksi, tukapima kati ya pini ya solenoidi na bodi ya giaboksi. Katika Toyota nyingi za namna hiyo, solenoidi ya kubadili gia ikiwa baridi husoma omu 11 hadi 15. Ikisoma karibu na sifuri, waya wa koili umegusana. Isiposoma kitu, umekatika. Yetu ilisoma 13, yaani ni nzima. Tukapima waya kutoka plagi hiyo mpaka kwenye kompyuta: kimya. Chuma kilicho chini ya betri kilikuwa kimeusugua mpaka ukakatika. Tukaulehemu, tukaufunika vema, tukaufunga mbali na chuma kile, tukafuta namba. Gari likaenda gia zote.

Kama koili ingekuwa mbovu, tungefungua sampu na kubadili solenoidi. Kazi hiyo ifanywe gari likiwa juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Solenoidi ya kuwasha na kuzima hujaribiwa kwa volti 12 kwa nukta chache, nayo hulia "tik". Lakini ile ya kuongoza presha ya mafuta, yenye omu chache, msiipe betri moja kwa moja, itaungua. Tieni chujio safi, gasketi mpya, na mafuta yale tu yaliyotajwa katika kitabu cha gari.

Sasa habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Waya uliosuguliwa na chuma si kusudi la dereva. Mwenye gari alipouona kwa macho yake, hakukata hata senti.

Basi, dereva, usitie sahihi karatasi ya deni kabla ya kipimo. Nawe fundi, usimuuzie mtu giaboksi nzima kwa ajili ya waya mmoja, kwa maana fedha ile ni chakula cha watoto wa mfanyakazi mwenzako.

Umoja ni nguvu.