Umeme wetu usitegemee waya moja



Leo tunazungumza juu ya umeme na juu ya vita. Wengine watauliza: vita iko Kivu, sisi wa Katanga inatuhusu nini? Tusikilizane polepole.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati mapigano yalifika Goma, laini za umeme zilikatika. Taa kuzimika, hiyo ni kidogo. Pampu za maji zilisimama, na wamama wakashuka na mabidoni kuteka maji ya Ziwa Kivu, yasiyosafishwa. Mji mzima unategemea waya chache: zikikatika, na maji nayo yamekatika.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Kituo cha Mwadingusha, ku mto Lufira, kilianza 1930 kusudi viwanda vya shaba vifanye kazi. Kiisha ikaja laini ya Inga, mwaka 1982: karibu kilometa 1,700 mpaka Kolwezi, ikipita juu ya vijiji vingi vinavyokaa giza. Umeme ule ulitafutwa kwa ajili ya migodi. Mwananchi alibakia kuangalia nguzo.

Na hapa kwetu? Delestaje. Dada yetu mmoja alijifungua usiku. Wadada wawili waliingia kumulikia mkunga na telefone. Sisi tulibaki inje tukiulizana betri imebaki asilimia ngapi. Kobalti ya betri za dunia inachimbwa mu Katanga hii hii! Na hapo hakuna risasi hata moja iliyopigwa. Siku ikipigwa, itakuwa namna gani?

Ndiyo maana tunasema: nchi iliyo na vita isijenge tena umeme wa koo moja. Huko Ukraine, tangu mwezi wa kumi 2022 Urusi inapiga vituo vikubwa vya umeme, na hospitali zimeanza kuweka pano za jua juu ya paa. Pano nayo inaweza kupigwa, hatudanganyane. Lakini bomu moja litazima nyumba moja, haliwezi kuzima mji.

Haki tuko nayo. Sheria ya mwezi wa sita 2014 ilifungua kazi ya umeme, si shirika la Serikali peke yake. Goma yenyewe, kampuni ya Nuru iliwasha mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3. Wakongomani wanaweza.

Feza nazo ziko. Kodi ya madini, sheria ya 2018 inaipasua hivi: 50 kwa mia Serikali kuu, 25 jimbo, 15 mahali madini yanapochimbwa, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inaingia wapi? Tunaomba viongozi wetu watuonyeshe daftari. Wakishaonyesha, tunaomba tatu tu za kuanzia: pano na betri ku kituo cha afya, ku pampu ya maji, ku shule.

Lakini tusingoje mikono mitupu. Pano bila betri ni bati, na betri bila fundi ni jiwe. Kati yetu kuko waliosoma umeme, waliosoma hesabu, waliosoma sheria, wote tuko tunakaa ku nyumba bila kazi. Jumamosi tutapita avenue kwa avenue na kuandika: taa ngapi, friji ngapi za dawa, pampu ina nguvu gani, nani atalipa matengenezo na atalipa ngapi. Karatasi hiyo ndiyo tutaipeleka ku meya, si kilio.

Nchi haingoji vita iishe ndipo ijengwe. Tuanzie hapa, kwenye chumba kile ambamo mkunga anafanya kazi gizani.

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Kila mtu aje na kalamu.