Kura 714 za Atlanta



Nimeombwa niseme juu ya uchaguzi unaoamuliwa kwa duru ya pili. Nimechagua mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, nchini Marekani, kwa kuwa huko sheria yenyewe ina historia ya aibu.

Mwaka 1964 wabunge wa Georgia walipitisha sheria iliyomtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopatikana, wawili wa kwanza washindane tena. Ukiisikia, ni haki tupu. Lakini mtetezi wake mkuu, mbunge Denmark Groover, alikuja kukiri kwamba shabaha ilikuwa kupunguza nguvu ya kura za Weusi. Kura za Wazungu zikigawanyika kati ya wagombea wengi, aliyeungwa mkono na Weusi kwa umoja asije akapita. Maneno yalinyooka, nia ilipinda.

Sasa tazameni yaliyotokea. Tarehe 3 Novemba 2009, katika uchaguzi wa meya wa Atlanta, Mary Norwood, Mzungu, alitangulia kwa takriban asilimia 46. Kasim Reed, Mweusi, akafuata kwa asilimia 36 hivi. Bila duru ya pili Norwood angekuwa meya. Tarehe 1 Desemba wananchi walirudi vituoni, na Reed akashinda kwa kura 714 kati ya zaidi ya 84,000. Parokia nyingi za mjini hujaza watu zaidi ya hao katika Misa moja ya Jumapili!

Msiharakishe kushangilia, lakini. Mitaa ya kaskazini yenye Wazungu wengi ilielekea kwa Norwood, ya kusini-magharibi yenye Weusi wengi kwa Reed. Kura ya namna hiyo twaijua, ingawa kwetu haiitwi kwa jina la rangi.

Kinachonigusa zaidi ni mwenendo wa aliyeshindwa. Sheria ilimruhusu kudai hesabu irudiwe, kwa kuwa pengo halikufika asilimia moja. Alidai, kura zikahesabiwa upya, Reed akabaki mshindi, naye Norwood akakubali. Mwaka 2017 aligombea tena, akafika duru ya pili, akashindwa na Keisha Lance Bottoms kwa kura mia nane na ushei. Akadai tena hesabu irudiwe. Ikarudiwa, matokeo hayakugeuka, naye akampisha mwenzake.