Steroli za Mimea na Mafuta ya Damu

  Leo tutaongea juu ya steroli za mimea. Jina hili lisikutishe. Ni kitu kilicho ndani ya vyakula unavyonunua pale Gakoromone kila mara.

Kwanza tuelewe kolesteroli. Ni aina ya mafuta yaliyo katika damu. Mwili huitengeneza wenyewe, na nyingine tunaipata kwenye nyama, mayai na maziwa. Tunaihitaji, lakini ile mbaya ikizidi hujipaka ndani ya mishipa ya damu kidogo kidogo. Mshipa ukiziba, mtu hupata mshtuko wa moyo au kiharusi. Kolesteroli haiumi wala haiwashi. Hujulikana kwa kupimwa damu.

Mimea nayo ina steroli, ambazo zinafanana sana na kolesteroli. Zikikutana kwenye utumbo, hugombania mlango mmoja wa kuingia mwilini. Steroli zikiwa nyingi, kolesteroli nyingine hukosa nafasi na kutoka pamoja na choo.

Utazipata wapi? Katika avokado, makadamia zinazokuzwa hapa Meru na Embu, njugu karanga, simsim, alizeti, maharagwe na njahi.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Utafiti umeonyesha kwamba gramu 2 za steroli kwa siku hupunguza kolesteroli mbaya kwa karibu asilimia 10. Lakini chakula cha kawaida hutupatia miligramu 200 hadi 400 tu kwa siku, yaani haifiki hata nusu gramu. Gramu 100 za avokado zina takriban miligramu 80. Ili ufikishe gramu 2 kwa avokado peke yake, ungekula kilo mbili na nusu kila siku. Nani ataweza?

Kwa hivyo, mtu akikuambia kwamba avokado au unga wa mbegu fulani utachukua mahali pa tembe za hospitali, usikubali. Hata gome la mti wa mweria lina steroli, na limesafirishwa hadi Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume. Hilo halilifanyi kuwa dawa ya moyo. Kama mama mkwe wako amepewa tembe za kolesteroli au za presha, ameze kama alivyoagizwa, hata akijisikia mzima. Asiache kabla ya kuongea na daktari.

Je, vyakula hivi havina faida? Vinayo kubwa, hasa vikichukua mahali pa mafuta mabaya. Paka mkate avokado badala ya majarini. Pika githeri kwa mafuta kidogo ya maji, si mafuta ya kuganda. Maharagwe yachukue mahali pa nyama siku kadhaa za wiki. Konzi moja ya njugu zisizo na chumvi inatosha kwa siku, kwa kuwa zina mafuta mengi. Zilizoota ukungu zitupe.

Na watoto? Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipunguziwe mafuta, kwani ubongo wake unakua. Aliyetimiza miezi 6 mpondee avokado, huku ukiendelea kumnyonyesha. Aliye chini ya miaka 5 usimpe njugu nzima, zinaweza kumkaba. Zisage.

Mambo ya kukumbuka:
1. Vyakula vya mimea husaidia, lakini haviondoi tembe.
2. Mwenye presha, kisukari au jamaa aliyepata kiharusi apimwe kolesteroli.
3. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika ghafla, au kifua kikibana, mpeleke hospitali mara moja. Usingoje asubuhi.